Maji ya Nje

"Saa mbili! Nyie, mmesikia? Anataka nizime cherehani kwa saa mbili kila siku, eti matone yake yanatetemeka!"

"Sijasema kwa ubaya, mama. Nimeomba."

"Kuomba ndiyo nini? Cherehani ikizimwa imezimwa, iwe kwa ubaya, iwe kwa ombi. Nina sare arobaini humu za kuwahi shule kufunguliwa. Nani atazishona? Matone?"

"Nimekuomba kama jirani yangu."

"Jirani!" Mama Vifungo alitema kifungo kiganjani, na hapo sote tukajua mambo yamekuwa makubwa. "Leo mimi jirani? Wewe unayeharibu mimba za watu humo ndani, leo ndiyo umekumbuka kuna ujirani?"

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu na ungo mapajani, nachambua mchele ambao nilishauchambua mara mbili tangu asubuhi. Siku yenye ugomvi wa maana mchele hauishi mawe.

Niwaeleze tulivyokaa. Ghorofa yetu ya pili ina korido moja na milango mitatu. Wangu uko mwisho, unatazama ngazi, kwa hiyo hapandi mtu wala hashuki nisimjue. Kushoto ni kwa Mama Vifungo, fundi wa nguo, anayeitwa hivyo kwa sababu anaposhona hubana vifungo midomoni, na hata akiwa hana kazi mbele yake kimoja hukibakiza shavuni. Anakula nacho, anaimba nacho, anakipeleka upande huu na upande huu kama peremende. Akikitoa, ujue ana jambo. Kulia, mlango unaotazamana na wake, ni kwa dada mmoja mwembamba aliyehamia miezi mitatu kabla ya siku hiyo na masanduku tisa yaliyoandikwa KIOO kila upande. Tulimwita Mtaalamu. Alituambia yeye ni mtafiti, kwamba chuo kinabomoa jengo la maabara na kila mtu ameambiwa ahamishie vyake popote atakapoweza. Zaidi ya hapo tulijua yale tuliyoyasikia.

Na kusikia tulisikia, maana kuta zetu za ndani ni plaiwudi. Kila jioni Mtaalamu alimpigia simu msimamizi wake, ambaye alimwita mzee. "Leo nimepata mimba mia nne, mzee. Safi kabisa. Hapana, mapacha hakuna." Siku nyingine sauti ikiwa chini: "Mimba za wiki iliyopita zimeharibika. Zote. Zimepasuka, mzee, sijui nifanyeje."

Maneno hayo niliyasikia mimi, na Mama Vifungo aliyasikia kwangu. Sikuongeza neno, ingawa sikupunguza pia. Mama Vifungo alijaribu kuwaza mimba mia nne kwa siku moja, akashindwa, akasema labda ni lugha yao ya mafumbo na mia nne maana yake ni nne. Ukweli ni kwamba katika miezi yote mitatu sikuona mwanamke hata mmoja akipanda ngazi kwenda kwa Mtaalamu, na mlango wangu, kama nilivyosema, unatazama ngazi. Jambo hilo nilipaswa kulitaja mapema. Sikulitaja.

Mtaalamu alimtazama Mama Vifungo, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Halafu akafungua mlango wake wazi, mpaka ukagonga ukuta.

"Ingieni," alisema. "Wote wawili. Mje muone mimba zenyewe."

Chumba kilikuwa kisafi mno, cha mtu asiyekaribisha wageni. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia. Kando ya mlango palikuwa na jiko la umeme lenye jicho moja. Katikati palikuwa na meza nzito, na juu ya meza sindano tatu kubwa zisizo na ncha, kila moja imelazwa juu ya kimashine kilichoisukuma polepole. Ukikitazama huoni kikienda, ukigeuka na kurudi unaona kimeenda. Kutoka kwenye kila sindano ulitoka mpira mwembamba, na mipira yote mitatu iliishia kwenye kipande cha kioo kilichokaa chini ya hadubini. Juu ya kile kioo palikuwa na mrija wa kioo, ndani ya mrija ule umechomekwa mwingine, na ncha ya ule wa ndani, alisema, ni nyembamba kuliko unywele.

"Nimeichonga mwenyewe," alisema. "Kwa moto. Kumi zinavunjika, moja inapona."

Akawasha skrini. Mama Vifungo, aliyekuwa amesimama na mikono kiunoni tayari kuendelea, aliteremsha mkono mmoja.

Kwenye skrini matone yalikuwa yakitoka kwenye ile ncha moja moja, yakifuatana, yote ukubwa mmoja, na ndani ya kila tone kulikuwa na tone jingine dogo, limekaa kimya tumboni.

"Hili dogo la ndani ni maji yenye madini ya chuma," alisema Mtaalamu. "Dawa ya watoto wasio na damu ya kutosha. Mliwahi kuionja?"

"Kama kulamba msumari," nilisema. Wangu watatu walinitemea mpaka usoni.

"Ndiyo. Sasa hapo katikati ni mafuta, yanaifunika. Na kwa nje ni maji tena, mengine, ndiyo anayoyaonja mtoto. Ulimi haukutani na chuma. Chuma kinafunguka tumboni. Maji ndani ya mafuta, mafuta ndani ya maji. Nikiyasukuma ya ndani haraka kidogo, linatoka tone lenye mapacha. Nikizidisha, yanatoka kama kamba, hayakatiki. Msimamizi wangu ndiye aliyeanza kuyaita matone yenye mimba. Tukazoea."

Mama Vifungo aliinama mpaka pua ikakaribia skrini.

"Mngeyaita matone yenye koti," alisema. "Mafuta si koti hayo? Mwili uko ndani, koti kwa nje. Mnaita mimba, halafu mnapiga kelele kwenye simu kuwa zimeharibika, na huku mnaishi na watu wenye masikio." Hapo alinitazama yeye naye.

Mtaalamu alituonyesha rafu. Zilikuwepo chupa ndogo kumi na kitu, zenye tarehe. Zile mpya zilikuwa nyeupe kama maziwa. Zile za zamani zilikuwa zimekatika: mafuta juu, maji ya rangi ya kutu chini.

"Tarehe ishirini na nane mwezi ujao wanakuja wakaguzi watatu," alisema. Alisema bila kupandisha sauti, kama anayesoma. "Wanataka chupa moja iliyokaa siku ishirini na moja. Watahesabu matone mia moja. Tisini yakiwa bado na mimba, kazi inaendelea na dawa inakwenda kutengenezwa. Yakipungua, mashine zinarudishwa na miaka yangu minne imeishia hapo. Chupa iliyokaa sana mpaka leo imekaa siku nane. Kuta zako na zangu zimeshikana na sakafu moja, mama. Cherehani ikikimbia, meza inatetemeka, koti linatoka nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. Nadhani ndiyo maana yanapasuka. Kwa hiyo nimeomba saa mbili."

Mama Vifungo alirudisha kifungo mdomoni.

"Saa nne mpaka saa sita," alisema. "Muda huo nitapiga pasi. Lakini saa sita na dakika moja usinigongee."

Hivyo ndivyo ugomvi ulivyokwisha, na mimi nikarudi kwenye mchele wangu, ambao kweli haukuwa na mawe.

Mama Vifungo alishika neno lake, tena kwa kishindo. Kila asubuhi ikifika saa nne alitangaza koridoni: "Nazima! Maabara ianze!" Mteja akija na suruali yake ya kupunguzwa aliambiwa arudi saa sita, "maana sisi hapa tuna utafiti". Mpaka muuza mkaa wa chini alijua kwamba ghorofa ya pili kunatengenezwa dawa ya watoto na kwamba Mama Vifungo yuko kwenye kamati.

Saa hizo mbili alipiga pasi. Pasi yake ni ya zamani, nzito, isiyotoa mvuke, kwa hiyo hunyunyiza maji kwa vidole kutoka kwenye bakuli, nguo inalowa kidogo, kisha anaikandamiza. Na kazi yake ya pasi, ambayo zamani ilikuwa ya kawaida tu, ilikuwa imeanza kusifiwa mtaani. Kola zilisimama wima, huwezi kuzilaza kwa nguvu. Mikunjo ya sketi ilikuwa kama imechorwa kwa rula. Wateja walimuuliza anatumia wanga gani. "Wanga wa nini?" alijibu. "Ni mkono huu." Wengine walianza kuleta nguo za pasi peke yake, na bakuli likawa linajazwa mara tatu kwa saa mbili hizo.

Upande wa pili wa plaiwudi mambo hayakuwa hivyo. Zile chupa za siku nane hazikufika tena nane. Zikafika tano. Wiki ya pili zikafika tatu.

"Amezima, mzee," nilimsikia Mtaalamu akisema. "Kila siku anazima, anajitahidi kweli. Hapana, mafuta ni yale yale. Sabuni ya kushikisha mafuta na maji ni ile ile. Makoti yanatoka sawa pande zote, nimeyapima. Halafu siku ya tatu yanapasuka." Siku hizo naye alikuwa ameanza kuyaita makoti.

Alibadilisha mirija. Alibadilisha sindano. Alichonga ncha mpya, usiniulize ngapi zilivunjika, nilikuwa nasikia kila moja. Alianza kula amesimama. Mimi kwangu watu hawapungui saba wakati wa chakula, na wakipungua huwa najisikia kama nimeibiwa, kwa hiyo kila mchana nilimgongea, naye kila mchana alisema, "Asante dada, mikono yangu ina dawa." Mama Vifungo alikuwa akila kwangu siku zote, na mara kadhaa alisema kwa sauti ya kupita ukuta, "Mwacheni, ana wasiwasi huyo, mkimlazimisha atatapika." Alikuwa amempenda. Alimwita mwanangu.

Ikafika tarehe sita. Mtu mwenye akili ya hesabu ataona mwenyewe: ishirini na nane ukitoa ishirini na moja inabaki saba. Chupa ya wakaguzi ilikuwa lazima itengenezwe kesho yake, au isitengenezwe.

Asubuhi hiyo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, karani wa ofisi fulani, mtu nadhifu mpaka anaudhi, alivaa shati lake jeupe lililotoka kwa Mama Vifungo siku tatu kabla. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wangu. Alilifunga mpaka kifungo cha juu, akachukua mkoba, akafika katikati ya korido. Hapo akajipiga kofi shingoni. Akajipiga la pili. Akatupa mkoba.

"Shemeji! Nakufa, shemeji! Nani amenifanyia hivi?"

Tulitoka wote. Alikuwa anaruka na kujifungua vifungo, na kola ya shati, ile iliyosimama wima, ilikuwa imejaa sisimizi pande zote mbili. Niligeuka kuutazama ule msumari. Mstari mmoja mwembamba mweusi ulishuka ukutani kutoka msumarini, ukapita chini ya mlango wangu, ukafuata ukingo wa korido, ukaingia kwa Mama Vifungo. Kule kwake, kwenye kamba ya nguo zilizopigwa pasi, kila kola ilikuwa na msafara wake.

"Umenipaka nini, mama?" alipiga kelele shemeji, kifua wazi.

"Nikupake nini mimi? Labda shingo yako ni tamu."

"Shingo yangu? Mke wangu mwenyewe hajawahi kuisifu!"

"Basi sisimizi wamemzidi macho."

"Mama, mimi nakwenda kazini! Nitaingiaje kwa bosi na wadudu?"

"Mwambie ni mapambo. Lete hilo shati nilikung'ute, acha kulia kama bibi harusi."

Mtaalamu alikuwa ametoka kwa sababu ya kelele. Hakututazama sisi. Alikuwa anatazama kola. Aliichukua kutoka mkononi kwa Mama Vifungo, akaipinda, ikagoma kupinda. Akalowanisha kidole kwa ulimi, akaisugua, kidole kikanata. Akakiweka tena ulimini.

"Unanyunyizia nini?" aliuliza.

"Maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya nje."

"Nje wapi? Bomba la chini?"

"Nje! Kwani hujui kusoma? Si yale yaliyoandikwa?" Na Mama Vifungo akanyoosha kidole chini ya dirisha la korido.

Chini ya dirisha palikuwa na dumu jeupe la lita tano. Lilikuwepo tangu Mtaalamu alipohamia. Juu yake palibandikwa karatasi ya gundi, na juu ya karatasi, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma, paliandikwa: MAJI YA NJE.

Nami nitasema ukweli. Sisi tulilielewa kama lilivyoandikwa. Yapo maji ya ndani, ya mtu binafsi, na haya ni ya nje, ya wote. Tulisema huyu mgeni ana adabu, kaja tu na tayari ametuwekea maji koridoni. Mimi mwenyewe niliwahi kulowanishia ufagio.

"Tena mimi si mtu wa kuchota na kuondoka," aliendelea Mama Vifungo, maana aliona uso wa Mtaalamu na hakuuelewa. "Nikichota jagi moja, narudisha jagi moja la bomba. Siku zote. Muulize huyu."

Nikathibitisha. Dumu halikupungua kwa mkono wake.

Mtaalamu alikaa chini, pale pale sakafuni, mgongo ukutani. Shemeji aliacha kuruka.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja. Mwanzoni bakuli moja kwa siku, kazi ya pasi ilikuwa kidogo. Ila tangu uniombe nizime cherehani..." Mama Vifungo aliutazama mlango wake. "Tangu hapo napiga pasi saa mbili mfululizo. Majagi mawili. Matatu."

Mtaalamu alihesabu kwa vidole. Hakulia wala hakugomba. Alieleza, akitazama dumu, na alieleza vizuri kiasi kwamba hata shemeji alielewa.

Yale yalikuwa maji ya nje ya tone. Yale yanayokaa nje ya koti. Huyachemsha kila wiki, lita tano kwa mkupuo, na unga fulani unaokawia kuyeyuka, jamaa ya gundi, ambao ndio unaozuia matone yasigandamane, na huyaweka dirishani yapoe kwa upepo kwa sababu chumbani kwake hewa haitoshi. Kisha anatia sukari ya glukosi, kwa kipimo. Sukari si ya utamu. Ndani ya tone kuna chumvi ya chuma, na maji hukimbilia upande wenye vitu vingi; nje pakiwa maji matupu, yanapenya koti la mafuta kidogo kidogo kwenda ndani. Sukari iko nje ili pande mbili zilingane, maji yasione sababu ya kuhama. Kila jagi la bomba lilipunguza sukari. Na unga.

"Kumbe sukari ulipima siku ya kwanza tu," nilisema, kwa sababu lazima mtu aseme kitu.

"Nilipima siku ya kwanza tu," alikubali Mtaalamu.

"Kwa hiyo koti lilikuwa zima," alisema Mama Vifungo taratibu. "Mwili ndio ulikuwa unanenepa ndani ya koti."

"Ndiyo."

"Mpaka vifungo vikaruka."

"Ndiyo, mama."

Mama Vifungo alitoa kifungo mdomoni. Hakukitema; alikitoa kwa vidole viwili, akakiangalia.

"Basi aliyekuwa anaharibu mimba ni mimi," alisema.

Akakifuta kwenye kanga, akakitia mfukoni.

Shemeji alivaa shati la juzi akaenda kazini. Mtaalamu aliinuka, akamwaga dumu zima chooni. Unga uliobaki kwenye kopo ulitosha kuchemshwa mara moja. Mashine yake ya kukoroga ilikuwa imebaki chuoni, kwa hiyo tangu mwanzo alikuwa akikoroga kwa mkono, saa tatu kwenye moto mdogo, bila kuacha, maana ukiacha unga unafanya madonge. Aliweka birika la kioo kwenye jiko, akashika kijiti cha kioo. Mama Vifungo alikichukua mkononi mwake bila kuomba.

"Kaa," alisema. "Niambie mwendo."

"Polepole. Sawasawa. Usifanye povu."

Mama Vifungo amekanyaga cherehani miaka thelathini. Mwendo sawasawa ndiyo kazi yake. Alikoroga saa tatu amesimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu shavu lake lilikuwa halina kitu. Mtaalamu alipima sukari, akapima tena, akaandika. Maji yalipoozwa ndani, dirisha wazi, mlango umefungwa.

Ilizuka hoja ya karatasi ya dumu. Mama Vifungo alitaka iandikwe SUMU.

"Si sumu, mama."

"Andika hivyo hivyo. Nani atakwenda kuhakikisha?"

Mwishowe iliandikwa: YA MTAALAMU. TUSIGUSE. Hiyo tu-siguse aliitaka Mama Vifungo.

Siku ya tarehe saba cherehani haikulia kabisa, wala pasi haikuwashwa. Kufika saa nane mchana kulikuwa na chupa moja nyeupe kwenye rafu, yenye tarehe, na Mtaalamu alilala mpaka kesho yake.

Kuanzia hapo tulikuwa tunauliza idadi kama watu wanaouliza hali ya mgonjwa. Siku ya tatu, ile iliyokuwa inaua: mia kwa mia. Siku ya nane: tisini na tisa. Siku ya kumi na nne: tisini na sita. Muuza mkaa alipaza sauti kutoka chini, "Leo ngapi?" na mimi nilimjibu dirishani. Siku ya kumi na nane: tisini na tatu. Hapo watu waliacha kuuliza.

Mama Vifungo hakuwa anakula kwangu tena. Alisema ana kazi. Alichukua sahani yake mlangoni kwangu na kwenda kuilia kwake, peke yake, na kwa Mtaalamu hakuingia tangu siku ya kukoroga, hata Mtaalamu alipomwita aje aone. "Nitavunja kitu," alijibu. Aliacha kutangaza kwamba anazima. Alizima tu. Wateja wa pasi walipungua, maana kola zilikuwa zimerudi kuwa kola.

Tarehe ishirini na nane walipanda wanaume wawili na mwanamke mmoja, na niliwaona tangu ngazi ya kwanza. Mwanamke alikuwa na koti lenye kifungo kinachoning'inia kwa uzi mmoja. Walisalimia, wakaingia, mlango ukafungwa.

Sikuona sababu ya kujifanya. Nilikwenda kwa Mama Vifungo, tukakaa kwenye benchi lake la kukatia nguo, masikio kwenye plaiwudi. Ukuta ule si wa chumba cha Mtaalamu, ni wa koridoni, lakini sauti ilifika. Yule mwanamke ndiye aliyehesabu, kwa sauti, tone moja moja: lina, lina, lina, halina. Mama Vifungo alikuwa na mkebe wa vifungo mapajani. Kila aliposikia "halina" alitoa kifungo kimoja akakiweka juu ya benchi.

Vikawa vinne. Vikawa sita. Kwenye sabini na kitu vikawa nane, vikasimama muda mrefu. Halafu cha tisa.

"Wamefika wapi?" nilinong'ona.

"Themanini na saba. Nyamaza."

Lina. Lina. Lina. Nilisahau mahali pa kuweka mikono. Mama Vifungo alikuwa ameshika kifungo cha kumi kati ya vidole, na hakukiweka, na hakukiweka, mpaka yule mwanamke akasema, "Mia. Yenye mimba, tisini na moja."

Kifungo kilidondoka sakafuni, kikabiringika chini ya cherehani. Hakuna aliyekitafuta.

Wakaguzi walikaa tena nusu saa na karatasi zao. Walipotoka, Mama Vifungo alikuwa amesimama koridoni na sindano yenye uzi. Alimshika yule mwanamke koti, akamwambia, "Simama hivyo hivyo," akakaza kile kifungo, akakata uzi kwa meno. Mwanamke alishukuru, akashuka. Nilihesabu nyayo zao mpaka mlango wa chini ukagonga.

Mlango wa Mtaalamu ulibaki wazi. Lile jiko la jicho moja lilikuwa na sufuria juu yake, na sikuwa nimeisikia harufu mpaka hapo kwa sababu masikio yalikuwa yamechukua nafasi yote. Alikuwa ametandika kanga sakafuni, katikati ya meza na kitanda, na ameweka sahani. Mimi sikungoja kuambiwa; nilivua viatu nikaingia nikakaa mahali penye upepo.

Mama Vifungo alisimama kizingitini, sindano bado mkononi.

"Ingia ule, mama," alisema Mtaalamu.

"Nina sketi kumi na mbili hazina pindo."

"Zitakuwepo."

"Nitavunja kitu humo. Vioo vyote hivyo."

Mtaalamu alichukua jagi na beseni, akaja navyo mpaka mlangoni, akainamisha jagi tayari. Mama Vifungo alilitazama jagi. Kisha akamtazama mwenye jagi.

"Maji ya wapi hayo?"

"Ya bomba, mama. Nawa uingie, chakula kinapoa."